Liwa Si Mkorogo

Neno singo limeanza kuchafuliwa, nami naona yafaa tulizungumze sasa kabla halijatutoka kabisa. Katika maduka kadhaa ya vipodozi hapa Mombasa nimeiona mikebe midogo ya plastiki, haina jina la aliyeitengeneza wala orodha ya vilivyomo, imebandikwa kijikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: "Singo ya biarusi." Ukiufungua mmoja hukuti harufu ya asumini wala mlangilangi. Unakuta mafuta mazito ya rangi ya maziwa, yenye harufu kali ya dawa. Mwuzaji ukimwuliza ni kitu gani, atakujibu kwa tabasamu kwamba ni ile ile ya zamani, ila imeboreshwa.

Si ile ile. Na kwa kuwa wanaodanganywa ni binti zetu, tena katika majuma ya furaha kuliko yote maishani mwao, sioni sababu ya kulinyamazia jambo hili kwa kuogopa kuambiwa kwamba mambo ya kina mama hayasemwi gazetini.

Kwa wale vijana ambao hawajapata kuiona singo ikitengenezwa nyumbani, nitaieleza. Huchukuliwa maua ya mlangilangi, asumini, mawaridi na mkadi, rehani, karafuu chache, manjano kidogo na vipande vya liwa. Vitu hivyo huanikwa kivulini, kwa maana jua kali huondoa harufu, kisha hutwangwa kinuni na kuchekechwa mpaka ukapatikana unga laini. Kila nyumba ina kipimo chake, na wapo mabibi waliofariki dunia bila kumwambia mtu kipimo chao. Unga huo huchanganywa na marashi mawaridi ukawa kama uji mzito. Somo humpaka biarusi toka shingoni mpaka nyayoni, na ukikaribia kukauka humsugua polepole kwa viganja. Unga huanguka mkekani kwa vijinyuzi, pamoja na taka na ngozi iliyokwisha kufa. Baada ya kuoga hufukizwa udi kwa chetezo. Hayo hufanywa siku baada ya siku, na siku zote hizo somo hazungumzi habari za ngozi peke yake. Humfunza mwari namna ya kuishi na watu, mambo ambayo hakuna mkebe utakaomfunza.

Liwa nayo ni kipande cha msandali kinachosuguliwa juu ya jiwe kwa maji machache, kikapakwa usoni kupoza joto na vipele. Tena kuna dalia, ule unga wa manukato wa rangi ya manjano. Nani asiyemkumbuka Mwana Kupona? Katika utendi aliomtungia bintiye mnamo mwaka 1858, alimwusia mambo ya marashi, dalia, hina na wanja, pamoja na pete na kidani, kwa sababu alitaka binti awe nadhifu, anukie, apendeze nyumbani mwake. Mimi nimeusoma utendi huo mara nyingi, na sijaona mahali alipomwambia abadili rangi aliyozaliwa nayo.

Hapa ndipo ilipo tofauti ninayotaka msomaji aishike. Singo husafisha ngozi ikaiacha kuwa ya mwenyewe. Ule umanjano unaoonekana kwa siku mbili tatu ni wa manjano tu, huoshwa ukaisha. Biarusi wa maji ya kunde hutoka chumbani akiwa wa maji ya kunde, na aliye mweusi hutoka mweusi anayeng'ara. Mkorogo kazi yake ni nyingine kabisa.

Rangi ya mwanadamu hutokana na kitu kinachoitwa melanini, ambacho hutengenezwa na chembe maalumu zilizo ndani ya ngozi. Kazi yake kubwa ni kuikinga ngozi na makali ya jua, na kwa watu wanaoishi karibu na mstari wa ikweta kama sisi, kinga hiyo ni neema. Mkorogo huzuia melanini isitengenezwe. Vitu vitatu ndivyo vinavyotumiwa zaidi. Cha kwanza ni hidrokwinoni, cha pili ni zebaki, na cha tatu ni madawa ya jamii ya steroidi, ambayo daktari huyatoa kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa kipimo na kwa muda mfupi. Wachanganyaji wa mitaani huweza kuvitia vyote katika mkebe mmoja, kwa kukadiria kwa jicho.

Mwanzoni matokeo hupendeza, na huo ndio mtego wenyewe. Baada ya majuma machache uso huwa laini na mweupe, na marafiki husifu. Lakini hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta madoa meusi yenye ubuluu kwenye mashavu na chini ya macho, madoa ambayo hata daktari bingwa hupata taabu kuyaondoa. Yule aliyekimbia weusi hupata weusi wa namna nyingine, usiofanana na wa mtu yeyote. Steroidi nazo huikondesha ngozi mpaka mishipa ikaonekana, huleta michirizi isiyofutika mapajani na makwapani, na kidonda kidogo hukawia kupona. Madaktari wa upasuaji hulalamika kwamba ngozi iliyochubuliwa ni shida kushona. Hebu mfikirie mama anayehitaji kupasuliwa ili azae, na ngozi ya tumbo lake imekuwa kama karatasi iliyoroa maji. Vifundo vya vidole, kwa sababu ya ngozi yao nene, hubaki na weusi wao, ndiyo maana watu wa mitaani humtambua mwenye kujichubua kwa kumtazama mikono kabla ya uso.

Zebaki ndiyo ya kutisha zaidi kwa kuwa madhara yake hayaishii kwenye ngozi. Hupenya mwilini ikaziharibu figo na mishipa ya fahamu. Nasi Wakenya hatuna sababu ya kusema kwamba hatukuonywa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 60 ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini katika mkojo, ugonjwa unaomfanya mtu avimbe uso na miguu. Kati ya wagonjwa hao, 32 walikuwa wametumia mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Wengi walikuwa wanawake wenye kipato kizuri, yaani wale wenye uwezo wa kununua. Zaidi ya nusu karne imepita tangu hapo, na mafuta bado yanauzwa.

Isitoshe, zebaki haibaki kwa aliyejipaka. Hushika kwenye taulo na mashuka, humfikia mtoto anayelala kifuani pa mamake, na mwenye mimba huweza kumpitishia aliye tumboni. Biarusi wa leo ndiye mama wa mwakani, na ni vigumu kwangu kuelewa namna mzazi anavyoweza kumwombea bintiye kizazi chema huku akimnunulia sumu ya kujipaka.

Ni vyema pia tukumbuke bidhaa hizi zilikotoka. Jumuiya ya Ulaya ilikataza zebaki katika vipodozi mwaka 1976, isipokuwa kwa kiasi kidogo sana katika vitu vichache. Hata hivyo sabuni zenye zebaki ziliendelea kutengenezwa huko huko Ulaya kwa miaka mingi baadaye, zikapakiwa melini na kuletwa Afrika. Kilichokuwa haramu kwa ngozi zao kilikuwa biashara halali kwa ngozi zetu. Hivi leo mikebe hutoka pande nyingi za dunia, na mingine hutengenezwa vyumba vya nyuma hapa hapa mjini, kwa hiyo lawama hatuwezi tena kumtwika mgeni peke yake.

Sheria ipo. Shirika la Viwango la Kenya limekataza vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni na steroidi. Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuchukua hatua kali, mnamo mwanzo wa miaka ya 1990, na Rwanda ikaanza msako mkubwa mwishoni mwa mwaka 2018. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, nao unataka vipodozi vya namna hii viondolewe. Lakini askari atakamata nini kwa mkebe usio na jina? Leo unaitwa singo, kesho utaitwa mafuta ya watoto. Mwenye duka akifungiwa huuzia nyumbani, na wateja humfuata.

Kwa nini wamfuate? Swali hili ndilo linaloniuma, maana jibu lake limo ndani ya nyumba zetu wenyewe.

Sikiliza mazungumzo ya kina mama usiku wa kupamba. Biarusi anatolewa, amevaa dhahabu, amepambwa hina mpaka viwikoni, na neno la kwanza linalotoka midomoni ni lipi? "Mashaallah, mweupe!" Akiwa mweusi huambiwa, "Mzuri, ingawa..." na sentensi haimaliziwi, kwa sababu kila mtu amekwisha kuelewa. Mtoto huzaliwa leo, na kabla hajapewa jina wifi na mavyaa wamekwisha kumfunua masikio watazame rangi atakayokuwa nayo. Wanaokwenda kuposa huulizwa wakirudi, "Yukoje?" na jibu huanza na rangi. Yako wapi masomo yake, adabu yake, mkono wake jikoni, subira yake? Hayo huja nyuma, kama yatakuja.

Msichana ana masikio. Tangu utotoni amesikia hayo mamia ya mara. Anapofika miaka 20 na posa imeletwa, hahitaji tangazo la gazetini wala la televisheni kumwambia akanunue mkorogo. Sisi tumekwisha kumtangazia. Kwa maoni yangu mwuza mikebe ni mchukuzi tu, mwenye mali ni yule shangazi anayesema "ingawa."

Wako watakaonijibu kwamba kupenda weupe ni mapenzi ya macho tu, hayana ubaya. Sikubaliani nao. Sisi watu wa Mwambao twajua vizuri kwamba katika miji yetu rangi ilikuwa na maana zaidi ya uzuri. Ilitumiwa kupima nani mwungwana na nani mtumwa, nani ana nasaba ya kuvuka bahari na nani babu zake waliletwa wakiwa wamefungwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika Mwambao wa Kenya mwaka 1907. Kipimo chake, lakini, kimebaki ndani ya sifa za harusini, na twakitumia bila ya kukitazama. Mtu anayechoma ngozi ya uso wake kwa zebaki ili ahesabiwe upande fulani wa kipimo hicho, mimi siwezi kusema kwamba ni jambo la macho tu.

Kuhusu dini, mambo ya hukumu nawaachia masheikh wetu, ambao wengi wamelizungumza suala la kubadili maumbile. Mimi nitakumbusha jambo moja tu ambalo kila aliyesoma chuoni analijua, kwamba katika Sura ya Rum tofauti za ndimi na za rangi zetu zimehesabiwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Twaisoma, twaisikiliza ikisomwa, kisha twakwenda harusini.

Sasa isidhaniwe kwamba nasema kila kitu cha kale ni salama na kila cha kisasa ni sumu. Hapo nitakuwa nimewapotosha wasomaji. Chukua piko. Hina ya asili, ile ya majani ya mhina yaliyosagwa, haitoi rangi nyeusi hata uikeshe nayo. Hutoa wekundu wa rangi ya machungwa unaokolea kuwa hudhurungi baada ya siku moja au mbili. Ukimwona biarusi ana maua meusi tititi yaliyokolea kwa saa moja, jua kwamba ametiwa rangi ya nywele. Rangi hiyo ina kemikali ambayo wataalamu huiita kwa kifupi PPD. Imeruhusiwa kwa nywele kwa kiasi maalumu, lakini ikipakwa juu ya ngozi huweza kuleta malengelenge, na ua lililochorwa likageuka kovu lenye umbo la ua. Nilihudhuria harusi moja ambayo biarusi alikaa ukumbini na mikono iliyovimba mpaka pete haikuingia kidoleni. Waliokuwapo walisema ni kijicho cha watu. Aliyechora maua alikuwapo vile vile, akaitikia kwamba ni kijicho. Na mwili ukishalikataa piko mara moja, huweza kulikataa maisha yote, pamoja na rangi za nywele za namna hiyo.

Ndimu pia. Mabibi wengi huwashauri wasichana wajisugue ndimu usoni au makwapani ili kuondoa weusi, na kwa kuwa ndimu ni chakula, watu hudhani haina neno. Maji ya ndimu yakikauka juu ya ngozi na mtu akatoka juani, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi kuliko yaliyokuwapo. Nayasema haya nikijua kwamba nitavunja heshima ya ndimu katika nyumba fulani.

Wala siwacheki wenye shida za ngozi. Chunusi zinazomfanya kijana ashindwe kumtazama mtu usoni ni shida ya kweli. Mabaka ya mashavuni yanayowajia kina mama wakati wa mimba ni shida ya kweli, nayo hutokana na homoni zikisaidiana na jua; wengine hupungukiwa nayo baada ya kujifungua, na kujikinga na jua kwa mwavuli au mafuta maalumu husaidia kuliko mkorogo wowote. Michirizi ya tumbo na mapaja huwapata wanawake wengi waliozaa na hata wasichana wanaokua haraka. Mafuta ya kuifuta kabisa hayapo, ingawa yanauzwa. Weusi wa makwapa na wa shingo mara nyingine huwa dalili ya uzito uliozidi au kisukari kinachonyemelea, na hapo kuuchubua ni sawa na kuifuta barua kabla ya kuisoma. Kutafuta tiba kwa mambo haya hakuna aibu hata kidogo. Zipo dawa za chunusi zinazofanya kazi, baadhi haziruhusiwi kwa mwenye mimba, ndiyo maana zataka daktari. Ninachokataa ni kuihesabu rangi yenyewe kuwa ni ugonjwa.

Basi nani aanze? Ningependa aanze somo. Yeye ndiye anayeingia chumbani wakati mlango umefungwa, ndiye anayeiona ngozi ya biarusi yote, na ndiye mtu ambaye msichana hawezi kumficha. Somo akikabidhiwa mwari, na aulize mapema, miezi mitatu kabla wala si juma la mwisho: "Mwanangu, wajipaka nini?" Akionyeshwa mkebe usio na jina, aukatae mbele ya mama mtu. Na ikiwa mavyaa mtarajiwa ndiye aliyeuleta, kama ninavyosikia imetokea, somo wa kweli hataona haya kumrudishia kwa adabu. Enzi zilizopita somo alisikilizwa hata na mababa. Siku hizi wengine wamekuwa wapishi wa mkorogo wenyewe, wakilipwa kwa kila mkebe, na hao sina neno la adabu la kuwaambia.

Wauzaji wa Marikiti nao wana kazi. Vitu vya singo bado vinapatikana pale: liwa, karafuu, manjano, mawaridi makavu. Bei yake ukiijumlisha si kubwa kuliko ya mikebe mitatu ya mafuta. Kinachokosekana ni mtu wa kutwanga. Wasichana wetu wana kazi na masomo, na mama zao wamechoka. Kama wapo kina mama wanaotaka biashara ya halali, watwange singo, waifunge vizuri, waandike kila kilichomo na jina lao wazi, wauze. Mimi nitakuwa mteja wa kwanza.

Limebaki neno kwa wale ambao wamekwisha kuanza, kwani najua wengi wao watasoma makala haya kwa siri. Msiache ghafla mafuta yenye steroidi bila ya kuonana na daktari, maana ngozi iliyoyazoea huweza kulipuka vipele na kuwasha kwa majuma, na wengi huyarudia kwa sababu ya hofu hiyo. Nendeni hospitali, mwombe mkojo upimwe na shinikizo la damu litazamwe, hasa mkiona nyuso au miguu yavimba asubuhi. Na mkienda chukueni mkebe wenyewe mwuoneshe daktari, hata kama hauna jina.